Mmemwandika mbunge na mgonjwa, mtunzi mmemwacha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji niseme machache kuhusu makala ya maisha ya msanii Joseph Haule, anayejulikana zaidi kwa jina la Profesa Jay, mliyoichapa hivi karibuni. Mwandishi wako ameueleza kwa kirefu ubunge wake na ameueleza kwa huruma ugonjwa wake, na kwa hayo mawili namshukuru. Lakini nilipoirudia makala hiyo nikiwa na penseli mkononi, kama nilivyozoea kwa miaka zaidi ya thelathini ya kusahihisha insha, niliona kwamba ni aya moja tu iliyogusa nyimbo zake, na aya hiyo yenyewe iliyataja majina ya nyimbo kama mtu anayesoma orodha ya mahudhurio darasani. Msomaji asiyemjua atadhani kwamba huyu ni mbunge wa zamani aliyewahi kuimba. Sisi tuliokuwapo tunajua kwamba ni mtunzi, na kwamba hayo mengine yote yalimfuata kwa sababu ya utunzi.

Nianze na sahihisho dogo. Makala imeanzisha safari yake mwaka 2001, ilipotoka albamu yake ya kwanza akiwa peke yake, Machozi, Jasho na Damu. Kijana huyo aliyezaliwa Songea tarehe 29 Desemba 1975 alikuwa tayari na miaka kadhaa ya kuchana, yaani kurap, akiwa na kundi la Hard Blasters, wakati huo akijiita Nigga J, na kundi hilo lilikuwa limeshatoa albamu ya Funga Kazi mwaka 2000. Ndani ya albamu hiyo ndimo ulimo wimbo wa Chemsha Bongo, ambao kwa wengi wa rika langu ndio uliotufanya tuache kuuita muziki huu uhuni. Kuruka kipindi hicho ni sawa na kusimulia maisha ya fundi seremala ukaanzia siku aliyofungua duka lake, huku miaka ya kushika randa kwenye karakana za wenzake ukiipita kimya.

Ni vema pia vijana wanaosoma gazeti lako wakumbushwe hali ilivyokuwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 vijana wengi wa Dar es Salaam walichana kwa Kiingereza cha kuigiza, na aliyepanda jukwaani akachana kwa Kiswahili alionekana kama anafanya mzaha. Saleh Jabir alipata umaarufu kwa kuweka maneno ya Kiswahili juu ya mdundo wa Kimarekani. Kundi la Kwanza Unit liliujenga msingi, na Mr. II, ambaye leo tunamwita Sugu, akathibitisha kwamba albamu nzima ya Kiswahili inaweza kusikilizwa na kununuliwa. Redio binafsi, zilizoanza kusikika mwaka 1994, ziliupa muziki huo masikio ambayo redio ya taifa haikuwa tayari kuupa. Profesa Jay aliikuta njia imeshafyekwa. Alichokiongeza yeye ni kisa chenye mhusika, chenye mwanzo na mwisho, kilichosemwa kwa Kiswahili ambacho bibi yangu angekielewa bila kutafsiriwa na mjukuu.

Sasa naomba niungame jambo, Mhariri. Mwaka 2002 nilikuwa mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya sekondari ya bweni mkoani Morogoro, na usiku mmoja wa zamu yangu nilimkuta kijana wa kidato cha tatu, wakati wa kujisomea, akiwa ameingiza kalamu ya wino kwenye tundu la kanda na kuzungusha utepe taratibu ili urudi mwanzo, kwa sababu redio yake ndogo ilikuwa inamaliza betri kila aliporudisha utepe kwa mashine. Nilimnyang'anya ile kanda. Haikuwa ya dukani. Ilikuwa imerekodiwa kutoka kanda nyingine, na juu ya karatasi yake alikuwa ameandika kwa mkono, kwa hati nzuri kuliko ile ya madaftari yake, jina la msanii na majina ya nyimbo. Nilimwambia angeipata siku ya kufunga shule. Nilikwenda nayo nyumbani, na kwa kuwa umeme ulikuwapo na sikuwa na usingizi, nikaiweka kwenye redio kaseti yetu, sauti chini, nikitegemea kupata mfano wa matusi wa kuwaonyesha wenzangu kwenye kikao cha walimu.

Nilichokipata ni Ndio Mzee. Kwa wasioujua, wimbo huo unamweka mgombea jukwaani mbele ya wananchi. Anamwaga ahadi, na kila ahadi inapopita umati unaitikia yale maneno mawili ya jina la wimbo. Ahadi zinaanza karibu na ardhi kisha zinapanda, moja baada ya nyingine, mpaka zinafika mahali ambapo hata mtoto wa darasa la pili angeguna, na umati bado unaitikia vilevile, kwa sauti ileile. Mtunzi hasemi kwamba mgombea huyo ni mwongo, wala hatoi mawaidha. Anamwachia mgombea kipaza sauti, na mgombea anajimaliza mwenyewe. Nchi ilikuwa ndiyo kwanza imetoka kwenye uchaguzi mkuu wa mwaka 2000, wa pili tangu vyama vingi virejee, na sauti za mikutano ya kampeni zilikuwa bado hazijatutoka masikioni.

Nilicheka peke yangu sebuleni, kisha nikaacha kucheka, kwa sababu nililitambua lile umbo. Ilikuwa ngonjera, ushairi wa kujibizana. Mwaka mmoja kabla ya hapo, shuleni petu alikuja mgeni rasmi, nami nikapewa kazi ya kuandaa ngonjera ya mapokezi. Nilitunga beti nane. Kundi la kwanza la wanafunzi lilieleza shida ya maji na kundi la pili likaeleza kwamba shida hiyo sasa imekwisha kwa kuwa mgeni amefika, na katika ubeti wa mwisho makundi yote mawili yakaungana kushukuru kwa kisima ambacho mgeni alikuwa ameahidi asubuhi ileile pale ofisini, wakati akinywa soda. Wanafunzi walipiga makofi kwa mpangilio niliowafundisha mimi. Siku ninayonyang'anya kanda ile, wasichana wa bweni walikuwa bado wanateka maji mtoni.

Wasomaji wa umri wangu wanajua ngonjera ilikotoka. Marehemu Mathias Mnyampala ndiye aliyeijengea umbo ushairi huo wa kujibizana, na baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 ukawa chombo cha kueneza siasa ya Ujamaa mashuleni na kwenye sherehe: upande mmoja haujui au unapinga, upande wa pili unaelimisha, na mwisho wote wanakubaliana. Umbo lenyewe halina kosa. Lakini mtoto aliyesoma shule ya msingi katika miaka ya 1980, kama alivyosoma Profesa Jay, alikulia ndani ya makundi hayo ya kuitikia. Ninavyousikia mimi, Ndio Mzee ni ngonjera iliyogeuzwa ndani nje, mahali pa anayeelimisha akawekwa anayeahidi, na makubaliano ya mwisho yakafanywa kuwa ndiyo kichekesho chenyewe. Sijui kama aliipanga hivyo kwa makusudi, na kwa mtunzi mzuri swali hilo halina uzito mkubwa. Wanafunzi wangu waliielewa mara moja, maana wao ndio waliokuwa umati.

Hilo ndilo ninalotaka kusema, na ndilo lililokosekana katika makala yenu. Wapo wachanaji wenye ulimi mwepesi kuliko wake na wapo wenye sauti nzito kuliko yake. Uwezo wake mkubwa uko katika kumpisha mhusika azungumze. Katika Zali la Mentali anazungumza kijana mlalahoi ambaye mwanamke tajiri anampenda ghafla. Msikilizaji anacheka pamoja na kijana huyo, kisha anajikuta akijiuliza kwa nini jambo hilo linachekesha kiasi hicho, na swali hilo linampeleka moja kwa moja kwenye pengo lililopo kati ya wenye magari na wanaotembea kwa miguu. Neno zali, yaani bahati, lilikuwa la vijiweni. Baada ya wimbo ule nililisikia likitamkwa na mhasibu wa shule, mtu mzima mwenye tai, alipopata uhamisho alioutaka.

Mwandishi wako amemwita mwimbaji katika kichwa cha habari, mchanaji katika aya ya pili, na mwanamuziki katika aya ya mwisho, kana kwamba maneno haya matatu ni visawe. Sivyo. Kuchana ni kusema kwa kufuata mdundo, kuimba ni kubeba sauti kwenye tuni, na kutunga ni kazi inayofanyika kabla ya hayo yote, mezani au kichwani, mtu akiwa peke yake na maneno. Wasanii wengi wa leo wanafanya yote matatu kwa mpigo na wanayafanya vizuri. Profesa Jay alijua mipaka yake, na hiyo nayo ni akili ya utunzi. Palipohitaji tuni aliita mwenye koo lake: Juma Nature katika Zali la Mentali, Ferooz katika Nikusaidiaje, na miaka mingi baadaye, mwaka 2014, Diamond Platnumz katika Kipi Sijasikia. Ukisikiliza nyimbo hizo kwa kufuatana utasikia kwamba kiitikio hakikubandikwa ili wimbo uchezwe redioni. Vesi, yaani ubeti unaochanwa, inabeba kisa, kiitikio kinabeba moyo wa anayesimulia, na kila kimoja kinamngoja mwenzake amalize. Na nyuma ya kazi zake nyingi za mwanzo yupo prodyuza P-Funk Majani wa Bongo Records, ambaye makala yenu haikumtaja hata kwa herufi moja.

Kuhusu ufundi wa lugha yenyewe, nitagusia kidogo tu, maana najua nafasi ni finyu na najua pia kwamba mwalimu akishika chaki hajui kuiweka chini. Sisi tulifundishwa, na tukafundisha, kwamba mshororo wa shairi la mapokeo una mizani (silabi) 16, nane kila upande, na vina vya kati na vya mwisho. Hoja hiyo iligombanisha washairi wetu tangu miaka ya 1970, baada ya kina Euphrase Kezilahabi kuandika mashairi yasiyohesabu mizani. Wachanaji nao wana kumi na sita yao, lakini wao huhesabu mistari: vesi ya kawaida ina mistari 16, na idadi ya silabi katika kila mstari huachiwa mdundo uiamue. Mstari mfupi unaweza kuvutwa, mrefu unaweza kukimbizwa, mradi kina kitue palepale ngoma inapotua. Profesa Jay hufanya kitu kimoja ambacho wenzake wengi hawakifanyi. Kina chake mara nyingi hukiweka kwenye neno lenye kazi katika kisa, jina la kitu au kitendo, badala ya neno la kujazia nafasi. Mstari wake ukikatwa ukabaki neno la mwisho tu, bado unabaki na habari. Jaribuni zoezi hilo na nyimbo za sasa, halafu mniandikie.

Nirudi kwenye siasa, kwa kuwa najua nitaulizwa. Mwaka 2015 mtu aliyemtungia mgombea ahadi zile alipanda jukwaani yeye mwenyewe kuomba kura, akawa mbunge wa Mikumi kwa tiketi ya Chadema, na akakaa Bungeni miaka mitano pamoja na Sugu wa Mbeya Mjini, hata baadhi yetu tukawa tunatania kwamba Dodoma sasa kuna jukwaa la Bongo Fleva. Mwaka 2020 wote wawili walishindwa. Mwaka huohuo mchanaji mwingine, Mwana FA, aliingia Bungeni kupitia CCM kutoka Muheza, na mwaka 2023 akateuliwa naibu waziri katika wizara inayosimamia sanaa. Sina nia ya kupima miaka mitano ya Profesa Jay, kwa kuwa wapiga kura wa Mikumi walishaipima kwenye sanduku. Natamani tu kwamba mwandishi wako, aliyetumia aya sita kuhusu ubunge huo, angalau angeona kejeli iliyokuwa mbele yake: mtunzi wa Ndio Mzee alisimama mahali pa mhusika wake, akihitaji watu waitikie. Sijui mtunzi mwingine wa Kiswahili aliyepewa nafasi ya kuishi ndani ya kazi yake mwenyewe namna hiyo. Kejeli nyingine ni kwamba huyu aliyejengwa na redio aliingia Bungeni, na miezi michache baadaye, mwanzoni mwa 2016, matangazo ya moja kwa moja ya vikao vya Bunge yakasitishwa, hivyo wengi waliozoea kumsikia kwenye spika za redio hawakuwahi kumsikia akichangia hoja.

Kisha ukaja ugonjwa. Mwanzoni mwa mwaka 2022 alilazwa katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili kwa matatizo ya figo, na siku 127 kati ya siku zake za kuugua zilipita katika chumba cha wagonjwa mahututi. Makala yenu imeyaeleza hayo vizuri, na imeeleza pia taasisi aliyoianzisha mwaka 2023 kwa ajili ya kuwasaidia wagonjwa wa figo. Lakini imepita juu ya kitu ambacho mtunzi alikifanya alipoweza kushika kalamu tena, nacho ni wimbo aliouita Siku 462, akishirikiana na mwimbaji wa Injili Walter Chilambo. Litazameni jina hilo. Mtu mwingine angeuita wimbo wa namna hiyo Ushuhuda, au Asante Mungu, au angechagua neno la kuliza. Yeye ameweka idadi tu, siku alizokaa hospitalini, kama inavyoandikwa kwenye faili la mgonjwa, na ameiacha idadi hiyo imfanyie kazi msikilizaji. Ni mkono uleule wa Ndio Mzee: hakwambii uhuzunike, anakupa cha kuhesabu. Tofauti ni kwamba safari hii hakuna mhusika wa kumpisha. Anayezungumza ni yeye mwenyewe, na kwa msikilizaji aliyemzoea akiwa amevaa sauti za watu wengine, kumsikia akisema kwa sauti yake ni jambo linalotikisa.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni la kawaida kabisa. Mnapoandika habari za kitabu mnataja mwandishi, mchapishaji na mwaka. Mnapoandika habari za wimbo, tajeni nani ametunga maneno, nani amechana, nani ameimba kiitikio, nani ametengeneza biti na ulitoka mwaka gani, hata kama ni kwa maandishi madogo chini ya ukurasa. Kazi hiyo itamchukua mwandishi simu mbili. Na pale ukurasa wenu wa burudani unapobakiwa na nafasi, ambayo kwa sasa naona inajazwa na picha za magari ya wasanii na habari za nani kaachana na nani, mpeni mtu anayejua ushairi auchambue wimbo mmoja kwa wiki, mstari kwa mstari, kama tulivyozoea kuwachambua kina Shaaban Robert darasani. Wimbo wa kwanza mnaujua.

Ile kanda haikurudi kwa mwenyewe. Siku ya kufunga shule kijana yule alikuwa ameshaondoka na basi la alfajiri kabla sijafika ofisini, na muhula uliofuata alihamia shule nyingine. Bado ninayo, katika droo ya meza ninayoandikia barua hii, pamoja na karatasi yake yenye hati nzuri, na nimeirudisha utepe mwanzo kwa kalamu ya wino. Kama naye ni msomaji wa gazeti lako, naomba umfahamishe kwamba aje aichukue.

Wako,
Mwalimu mstaafu wa Kiswahili,
Morogoro